Nilishuka kwenye Basi Bila Kuambiwa

Kijiji cha wafugaji, Kachi,
Magharibi ya India.
Baada ya swala ya alasiri.

Kwako baba yangu, Aabo,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya kusema la kwangu nataka kujua la kwenu. Kile kikohozi kilichokuwa kikikuamsha alfajiri kimetulia? Mama yetu Hooyo anameza dawa zake za presha, au bado anazificha nyuma ya kopo la majani ya chai akisema zinamkausha mdomo? Na bibi, Ayeeyo, amesharudi Sangailu kwa ng'ombe wake, au bado yuko hapo Waberi akilalamika kwamba maziwa ya mjini yana ladha ya mfuko wa plastiki? Nikijua kwamba nyote mko salama, nusu ya hofu yangu itaondoka. Nusu inayobaki ndiyo ninayokuandikia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali sikufundishwa kukiandika shuleni, na najua Kiswahili unakisoma vizuri ukiwa na miwani. Tafadhali vaa miwani.

Aabo, mimi ni mzima. Sijaumia, sijaugua, sijapotea. Soma sentensi hiyo mara mbili, kisha umsomee Hooyo kabla hamjaendelea. Lakini pasipoti yangu iko mikononi mwa askari, na kesho asubuhi watakupigia simu. Namba yao itaanza na tisa na moja. Najua wewe hupokei namba usizozijua, unasema ni matapeli wanaotaka kukwambia umeshinda gari. Naomba hii uipokee.

Hapa kijijini hakuna mtandao. Tukifika mahali penye mtandao nitazipiga picha kurasa hizi na kuzituma kwa simu ya kaka yangu, Abboowe Hassan, akuletee mbio. Namwomba Mungu zikufikie kabla ya simu yao.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nikianzia katikati utadhani nimefanya jambo baya zaidi ya nililofanya.

Unakumbuka ile picha yangu ya mbuzi waliolala chini ya lori kule Bura ndiyo iliyoshinda shindano la wanafunzi, na zawadi ikawa nafasi mbili katika msafara huu wa wapiga picha, yangu na ya mwalimu. Basi katika msafara tuko wanane, na mwanafunzi ni mimi peke yangu. Sita ni watu wazima waliokwisha kustaafu, kila mmoja na mkoba wa kamera mkubwa kuliko begi langu la nguo. Mimi nina ile kamera ya klabu ya shule. Mwalimu mwenyewe, Madam Mwikali, yuko nami kila mahali. Kiongozi wetu anaitwa Jayesh, lakini kila mtu humwita Jayeshbhai, maana hapa wakimheshimu mtu humwongezea neno la ndugu mwishoni mwa jina. Baba yake mdogo aliwahi kuuza vitambaa Mombasa, kwa hiyo anajua maneno matatu ya Kiswahili, na kila asubuhi huniambia yote matatu: "Jambo, sukari, haraka!"

Niliogopa tangu kwenye ndege. Niliogopa lifti ya hoteli. Niliogopa barabara, kwa sababu hapa pikipiki hupita kushoto na kulia kwa wakati mmoja na ng'ombe hulala katikati bila mtu kumfukuza. Zaidi ya yote niliogopa kazi yenyewe. Jayeshbhai hutupeleka kwa wafinyanzi, kwa watia rangi vitambaa, kwa wanawake wanaodarizi vioo vidogo kwenye shela, kisha husema, "Piga picha." Wenzangu huinua kamera mara moja. Mimi siwezi kumwelekezea mtu nisiyemjua kitu usoni. Nasimama nyuma ya Madam hadi mtu mwenyewe anione na kunikubalia kwa kichwa.

Mzee Walter, daktari wa meno Mjerumani aliyestaafu, hunitania kila jioni. "Ifrah, leo umepiga ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Mimi nimepiga elfu mbili, na nadhani zako kumi na mbili zitanishinda tena. Nisaidie, nifundishe uvivu."

Nacheka kidogo halafu nakimbilia chumbani kusoma kitabu. Ni watu wazuri, Aabo. Nasema hivyo ili usiwalaumu kwa yatakayofuata.

Nchi yenyewe ungeijua. Baada ya mji wa Bhuj ardhi inalala tambarare, na pande zote mbili za barabara zimejaa miti ya mathenge. Mathenge yaleyale, yenye miiba ileile, na wafugaji wa huku wanayalaani kama tunavyoyalaani sisi kwa kula malisho. Nilipoyaona nilitaka kulia. Sikujua kama mtu anaweza kuyakumbuka mathenge.

Sasa nafika kwenyewe. Leo tuliondoka Bhuj kabla ya jua kuchomoza ili tuwahi mwanga wa asubuhi kwenye jangwa la chumvi. Ni jangwa jeupe kabisa, na mbele yake kuna mpaka wa nchi, kwa hiyo mgeni haingii bila kibali. Jayeshbhai alikuwa amesema jana kwamba tutasimama mahali, yeye atashuka na karatasi za kila mtu, tutaendelea. Labda alisema. Madam anasema alisema. Mimi nilikuwa nasoma.

Nilikuwa nimesinzia. Basi likapunguza mwendo. Nikafumbua macho, nikaona chuma kimelazwa kukatiza barabara, magunia ya mchanga, mtu mwenye sare na bunduki. Aabo, sikufikiri chochote. Kabla basi halijasimama vizuri nilikuwa nimeshatoa pasipoti kwenye kile kifuko alichonishonea Hooyo na kunikazia shingoni, nimeshafungua ukurasa wenye picha, nimeshashuka. Nikaenda hatua kumi mbele, kando ya barabara, nikasimama wima mahali ambapo pangekuwa na mstari wa wanawake. Nikaishika pasipoti mbele ya kifua, picha ikiangalia mbele. Kama pale darajani kwetu, abiria wote wanaposhushwa kukaguliwa. Kama tulivyofanya kila safari tangu nilipokuwa mdogo, wewe upande wa wanaume na mimi nikimshika Hooyo nguo.

Nikangoja wengine washuke. Hakuna aliyeshuka. Nikageuka. Mzee Walter alikuwa amelaza kichwa kwenye dirisha, mdomo wazi, amelala fofofo. Wengine walikuwa wanasafisha lenzi. Jayeshbhai alikuwa upande wa pili wa basi, anaelekea kwenye meza na faili yake. Hakuna mstari. Hapakuwahi kuwa na mstari. Nilikuwa mimi peke yangu barabarani, gizagiza, nimeinua pasipoti.

Ningerudi ndani ningeonekana ninakimbia. Nawe ulinifundisha mtu asikimbie mbele ya bunduki. Nikabaki.

Askari kijana akanijia. Akasema neno kwa lugha yao. Nikadhani anaitaka pasipoti, nikampa. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Mbona umeshuka?"

Nikamwuliza, "Mstari wa wanawake uko wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. Akamwita mkubwa wake.

Mkubwa ni mwanamume wa umri wako, masharubu meupe, sauti ya chini. Alikuja na askari wa kike. Hakunipigia kelele, Aabo, wala mtu yeyote hakunigusa. Alinisogeza mbali na basi, akaanza kuuliza taratibu sana, na hapo ndipo nilipoharibu mambo.

"Nani amekwambia ushuke?"

Nikanyamaza. Ulinifundisha: usingoje kuulizwa, toa karatasi, sema jina lako na la baba na la babu, kisha funga mdomo, maana kila neno la ziada huzaa swali jingine. Nikasema jina langu na lako na la Awoowe. Nikafunga mdomo.

"Unataka kutuambia jambo?"

Kimya.

"Wale walio ndani ya basi, unawaogopa?"

Kimya. Nilitazama chini.

Wakati huo Madam alikuwa ameona kiti changu ni kitupu, akashuka mbio, kitambaa kimemtoka kichwani. "Ifrah! Unafanya nini huku?" Mkubwa akainua mkono amzuie. Akaniuliza, "Huyu mwanamke ni nani yako?"

Mimi kimya.

"Unasafiri naye kwa hiari yako?"

Baadaye Jayeshbhai alinieleza. Mkubwa huyo amekaa kazini miaka mingi, na kwao msichana anayeruka peke yake kutoka kwenye gari, ameshika pasipoti, asitake kuzungumza, ni msichana anayeomba kuokolewa. Wanatoroshwa wasichana, Aabo. Mkubwa alikuwa ananihurumia. Mimi nilidhani ananituhumu, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba Madam Mwikali ameniiba.

Walimpeleka Madam kwenye meza nyingine. Niliona wanamwomba afungue mkoba. Niliona chaki zake zikimwagika chini, maana hubeba chaki hata likizo. Mwalimu wangu, aliyekaa nasi Garissa miaka minane na kukataa uhamisho mara mbili, alikuwa anahesabiwa vitu vyake mbele ya bunduki kwa sababu yangu. Hapo ndipo mdomo ulipofunguka.

"Ni mwalimu wangu! Hajanifanyia kitu! Ni mwalimu wangu!"

Mkubwa akaniangalia. "Mbona umechukua muda mrefu kusema jambo fupi hivyo?"

Akaandika. Nikadhani tumemaliza. Kisha akauliza swali la mwisho, kama mtu anayefunga daftari. "Baba yako alikuruhusu kuja huku?"

Aabo, hapo sikunyamaza kwa sababu ya mafunzo yako. Nilinyamaza kwa sababu sikujua.

Nikasema, "Kuna karatasi ya idhini. Ina saini yake. Imebaki hotelini Bhuj, kwenye sanduku la mwalimu."

"Sikuuliza saini. Nimeuliza kama alikuruhusu."

Nikasema, "Sijui."

Madam alifunika uso kwa viganja. Mkubwa akaweka kalamu chini, akasema, "Basi tutamuuliza yeye mwenyewe."

Ruhusa ya kupiga simu nje ya nchi ilibidi iombwe mjini, na itafika kesho asubuhi. Wenzetu wameruhusiwa kwenda kupiga picha zao. Pasipoti yangu ikabaki kwenye sanduku la chuma pale kituoni, nami nikaletwa hapa kijijini, mwendo wa dakika chache, nilale kwa familia ya mwenyekiti wa kijiji pamoja na yule askari wa kike. Madam amewekwa nyumba nyingine. Haturuhusiwi kuzungumza mpaka wewe useme neno.

Wenyeji ni wafugaji wa nyati, Waislamu, nyumba zao ni za udongo, za duara, zimepambwa ndani kwa vipande vya vioo. Mama wa nyumba alinisalimia kwa salamu yetu, akanipa maziwa ya moto na mkate wa mtama. Ananionyesha kila kitu kwa mikono. Nimeswali nyuma yake adhuhuri na alasiri. Lakini kila gari likisikika barabarani nainuka kuchungulia, na nimesoma ukurasa mmoja wa kitabu changu mara saba bila kujua umesema nini.

Hofu yangu ya kwanza ni pasipoti. Najua ulivyohangaika kuipata. Nilikuwa nawe ofisini siku mbili, nikakuona umesimama mbele ya wazee wa msasa, wale wanaopima nani ni raia, ukitaja ukoo wetu babu kwa babu, kama kwamba wewe, uliyezaliwa Sangailu, umefika jana. Ikipotea sidhani kama nitaweza kukutazama usoni.

Hofu ya pili ni kubwa zaidi, na naona haya kuiandika. Sijui utawajibu nini. Karatasi uliitia saini siku ile Madam alipokuja nyumbani. Alikunywa chai, akaieleza safari, akaiweka karatasi kwenye mkeka, ukaitia saini. Lakini wewe hujawahi kumnyima mgeni kitu alichokuja kukiomba kwako. Kisha siku ya kuondoka Ayeeyo aliuliza mbele ya watu wote, "Msichana anakwenda kupiga picha za nini? Kwetu vitu vya kutazama vimekwisha?" Nikakutazama. Nikangoja. Ulisema tu, "Karatasi imeshatiwa saini," ukatoka kwenda kuangalia mbuzi.

Hukusema nenda. Hukusema usiende. Nimelibeba hilo tangu Garissa. Katika kila mji nimekuwa nikijiuliza kama niko hapa kwa idhini yako au kwa adabu yako kwa mgeni. Nilipoulizwa barabarani sikuweza kusema uongo.

Wakikuuliza, Aabo, naomba useme ndiyo. Hata kama si kweli. Siombi kwa ajili yangu, mimi wakinirudisha nitarudi. Naomba kwa ajili ya Madam, maana ukisema hapana jina lake litaandikwa kwenye daftari lile. Ukitaka kunigombeza, nigombeze nikifika. Sitajibu neno.

Jua linashuka na sina taa. Nitaishia hapa kwa leo.

*

Siku ya pili, ndani ya basi.

Aabo, barua hii ilikuwa ikuonye. Sasa itakuja nyuma ya mambo, kama mtu anayefika harusini watu wakikunja mikeka. Lakini nitaituma yote kama nilivyoiandika, na nitamalizia, kwa sababu wewe ulisikia upande wako wa simu na hukuona upande wetu.

Walitupeleka kituoni mimi na Madam saa tatu asubuhi ya huku, kabla jua halijakuamsheni vizuri kwenu. Mtandao ulikuwepo pale, lakini hawakuniruhusu kushika simu. Mkubwa akaweka yake mezani, akaifungulia sauti tusikie wote. Akapiga. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika.

"Baba yako bado amelala?"

"Hapokei namba asizozijua."

"Ana akili," akasema, akapiga mara ya tatu.

Ukapokea. Mkubwa akasema "Helo," hilo tu. Na wewe ukaanza. Ukasema jina lako, la babu yangu na la baba yake. Ukataja namba ya kitambulisho, tarakimu zote, bila kupumua. Ukasema unakaa Waberi, unauza mbuzi, umezaliwa Sangailu, hujawahi kuwa na kesi, chifu anakujua na msikitini wanakujua, na kama wanataka kumpata chifu unaweza kumfuata nyumbani sasa hivi. Kisha ukanyamaza, kimya kabisa.

Mkubwa aliisogeza simu mbali, akaitazama. Akanitazama mimi. Akamtazama Madam, aliyekuwa anatafsiri kwa kukosekana mwingine.

"Sijamwuliza chochote bado," akasema.

Nilitazama chini, lakini nilimwona. Masharubu yalikuwa yanacheza.

Akamwambia Madam aulize kama una binti anayeitwa Ifrah. Hapo, Aabo, sauti yako ilibadilika. Sijawahi kuisikia hivyo. "Yuko wapi? Yuko hai?" Madam akasema, "Yuko hai, mzee, yuko hapa mbele yangu, amekula." Ukasema alhamdulillahi mara nyingi. Nilisikia mbuzi nyuma yako. Nilimsikia Hooyo akiuliza ni nani, ni nani.

Madam akakueleza yote: kizuizi, basi, mimi barabarani na pasipoti kifuani. Ukauliza, "Nani alimwambia ashuke?"

"Hakuna, mzee. Alishuka mwenyewe akasimama mahali pa mstari."

Mkubwa akainama, akadhani simu imekatika. Kisha ukasema, na Madam akatafsiri neno kwa neno, "Mwambie mkubwa huyo kosa si la mtoto. Ni mimi. Nimemfundisha kushuka tangu akiwa na miaka sita. Nilimfundisha asiulize, asicheke, asimtazame mtu machoni. Nikasahau kumwambia kwamba kuna mahali mtu hukaa."

Mkubwa hakuandika hilo. Alichezea kalamu. Halafu akauliza swali lake, lilelile, na mimi nikafumba macho.

"Ulimruhusu kusafiri? Tunajua saini ipo."

"Saini?" ukasema. "Saini niliweka kwa sababu ya mgeni."

Nilimsikia Madam akisita kutafsiri, kisha akatafsiri, maana na yeye hawezi kusema uongo.

Ukaendelea. "Lakini ofisini kwa ajili ya pasipoti nimekwenda mara tano. Kwa miguu yangu. Mgeni hanitumi ofisini mara tano. Wallahi walinirudisha, nikarudi. Wakanirudisha, nikarudi. Andika nimemruhusu. Baba yake amemruhusu. Anakwenda kuona, halafu atakuja kutuonyesha."

Mara tano. Mimi nilikuwa nawe mara mbili tu. Hizo nyingine tatu ulituambia unakwenda sokoni.

Na hukuishia hapo! Mtu aliyenifundisha kufunga mdomo akamweleza mkubwa kwamba ile picha ya Bura iko kwenye simu yako, kwamba huwaonyesha madalali wote, kwamba kuna mmoja anayeapa mbuzi mwenye pembe moja ni wake na mmekosana naye kwa wiki mbili. Ukauliza India mbuzi wana bei gani. Ukauliza nyati hutoa maziwa kiasi gani. Mkubwa akajibu! Akaeleza habari za nyati wa baba yake kijijini. Madam alitafsiri hadi sauti ikakauka, chai ya mkubwa ikapoa, na yule askari kijana mlangoni alikuwa ameziba mdomo kwa kofia. Waliponiambia nizungumze nawe, simu ikakatika, na labda ni vizuri, kwa sababu nilikuwa nalia na ungedhani wamenipiga.

Mkubwa alifungua sanduku, akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili. Akaniuliza kwetu watu hushukaje. Nikamweleza, Aabo, kirefu: darajani, mistari miwili, wazee na wajawazito nao, jua kali, vitambulisho juu. Ni maneno mengi kuliko niliyosema safari nzima. Akasikiliza. Akasema, "Hapa kiongozi wenu atashuka kwa niaba yako. Hiyo ndiyo kazi anayofanya." Kisha akamwomba Madam radhi, akamwokotea kipande cha chaki kilichobaki chini ya meza tangu jana.

Mzee Walter na wenzake walikuwa wanatungoja ndani ya basi. Waliacha mwanga wa asubuhi, wote sita, wasiende popote bila sisi. Alinisogezea begi lake nipate kukaa, akasema, "Jana nimepiga elfu mbili za chumvi. Zote nyeupe. Wewe?"

"Hata moja."

"Umenishinda tena."

Nisalimie Hooyo, na umwambie kifuko chake hakijakatika. Nisalimie Ayeeyo, na umwambie vitu vya kutazama kwetu havijakwisha, nikirudi nitaanzia kwake kama atakubali. Nisalimie Abboowe Hassan aliyekuletea barua hii, na mdogo wangu Sumeya, asiguse vitabu vyangu. Nisalimie na yule dalali wa mbuzi mwenye pembe moja. Mpatane naye, Aabo. Mbuzi ni wake kweli, alikuwepo nilipopiga picha, sikutaka kukwambia.

Bado naogopa. Nisikudanganye. Jayeshbhai amesema mbele kuna vizuizi viwili zaidi kabla ya kufika Bhuj, na tangu aliposema hivyo kiganja changu kimelowa hadi wino unatapakaa, utauona.

Basi linapunguza mwendo. Nakiona chuma. Kuna askari wawili, mmoja ana bunduki. Jayeshbhai ameshuka na faili yake. Madam amenishika mkono, hasemi kitu. Magoti yanataka kusimama, nayasikia. Askari amepita dirishani kwangu, ametazama ndani, ameniona.

Nimekaa, Aabo.

Binti yako uliyemruhusu,
Ifrah